JE, NI DHAMBI KUFURAHI?

 

 

Ijumaa moja ya mwezi uliopita, watu walipokuwa mlangoni wanatafuta viatu vyao, mtu mmoja alibaki amekaa kwenye mkeka. Nilimjua kuwa ni mtu wa msiba. Mwaka jana alimzika mtoto wake wa miaka 4, aliyekufa kwa homa. Nilidhani anataka dua. Akaniambia, "Mwalimu, nina swali, lakini usinicheke. Je, ni dhambi kufurahi?"

Nikamwambia anieleze. Akasema kwamba jana yake jua lilikuwa kali tangu asubuhi, kisha alasiri mvua ikanyesha juu ya mabati. Akakaa barazani. Mke wake alikuwa ametwanga lituma, akaleta na sombe na kipande cha samaki. Mtoto wake mwingine alikuwa anasoma alifu, be, te kwa sauti kubwa apate kuishinda mvua, na herufi alikuwa anazichanganya. Yule bwana akajikuta anacheka. Tonge likiwa bado mkononi, kicheko kikamkatika. "Mwalimu, nikaona kama nimemsahau yule niliyemzika. Tena nikawaza watu wa Goma na wote waliokimbia makwao. Mimi ni nani hata nifurahi kwa sababu ya mvua na ndizi?"

Nilimwambia maneno mafupi ya subira, akaitikia, akaenda zake. Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba sikumjibu. Aliniuliza juu ya furaha, nami nikamjibu juu ya huzuni. Karatasi hii ya leo ni jibu ninalodaiwa naye, na huenda ninadaiwa na wewe pia unayesoma, maana sidhani kwamba ni yeye peke yake.

Tuanze na Kitabu. Katika sura ya Al-Qasas, aya ya 76, tunasoma kwamba Qarun alikatazwa na watu wake asifurahi, na kwamba Mwenyezi Mungu hawapendi wanaofurahi namna ile. Wako wanaoishia hapo, wakadhani kwamba Mwislamu mwema ni mwenye uso uliokunjwa. Lakini fungua sura ya Yunus, aya ya 58. Hapo Mtume (s.a.w.) anaamrishwa awaambie watu wafurahi kwa fadhila na rehema ya Mola wao, na kwamba hilo ni bora kuliko vyote wanavyovikusanya. Neno lililotumika pande zote mbili ni la asili moja, farah, ndilo lililotuzalia sisi neno furaha. Pale ni katazo, hapa ni amri. Basi Kitabu hakikugombana na furaha yenyewe. Imetubidi tujue furaha ya Qarun ilikuwa ya namna gani.

Qarun alikuwa na hazina ambazo funguo zake peke yake ziliwalemea watu wenye nguvu. Alipoulizwa juu ya mali hiyo alisema ameipata kwa elimu yake mwenyewe. Kisha akatoka mbele ya watu wake katika mapambo yake, wasiokuwa nacho wakatamani wawe kama yeye. Tazama mambo hayo mawili. La kwanza, alijiona hakupewa na yeyote. La pili, furaha yake ilihitaji watu wa kuitazama, nao wawe hawana. Laiti wote wangekuwa na funguo kama zake, furaha ile ingekufa siku hiyo hiyo.

Sasa ipime mvua ya ndugu yetu. Iliponyesha juu ya bati lake, ilinyesha pia juu ya nyasi za jirani yake, na juu ya shamba la yule asiyesalimiana naye. Qarun asingeweza kuifurahia mvua, kwa sababu inawanyeshea wote. Lituma ile hakumla mtu haki yake. Na mtoto anayekosea herufi hafurahishi kwa sababu mtoto wa jirani hajui kusoma. Mimi nimefundisha chuoni miaka mingi, na mtoto wa mtu yeyote akivuka kutoka herufi hadi neno zima, moyo wangu unaruka. Hiyo ndiyo furaha isiyomshusha mtu.

Najua watakuwapo wa kusema, "Imamu, wafasiri wamesema fadhila iliyotajwa ni Uislamu, na rehema ni Qur'ani. Wewe unatuletea ndizi." Ni kweli, wako waliofasiri hivyo, nami siwapingi. Lakini kumbuka hadithi ya aliyefunga, iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) ametaja kwamba ana furaha mbili, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Mdomo ule ule uliotaja kukutana na Mola umetaja na futari, katika maneno yale yale. Hakuona aibu kuiweka tende na maji karibu na jambo kubwa kama hilo. Na Anas (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Mtume akiyafuata maboga kwenye sahani, huku na huku, kwa jinsi alivyoyapenda. Maboga, ndugu zangu! Nyumbani kwetu tunayaona ni chakula cha siku ya kukosa.

Hata furaha ya mtoto aliijali. Ndugu mdogo wa Anas, Abu Umayr, alikuwa na kindege anachochezea. Kindege kikafa. Mtume wa umma mzima, mwenye vita na wajumbe na mambo ya dola mikononi mwake, akamwuliza mtoto habari za kile kindege kwa maneno ya kumchangamsha. Sisi mtoto akimlilia kifaranga tunamwambia anyamaze.

Lakini hayo bado hayajafika kwenye kidonda cha ndugu yetu. Yeye hakuuliza kama ndizi ni halali. Aliuliza kama kicheko chake kimemsaliti maiti wake. Hapo nimekaa siku kadhaa nikifikiri, na jibu nililolipata nimelipata katika maisha ya Mtume mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) alijaaliwa watoto 7. Sita kati yao walikufa kabla yake, akabaki Fatima peke yake. Hesabu, wewe uliyemzika mmoja, na mimi niliyezika wawili. Alipokufa Ibrahim, mtoto mdogo, macho yake yalitoka machozi mbele ya watu, na alipoulizwa alisema kwamba hiyo ni huruma. Hakuyaficha machozi. Sasa lete hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abdullah bin al-Harith, kwamba hakumwona mtu mwenye kutabasamu zaidi kuliko Mtume. Ziweke habari hizo mbili pamoja. Aliyezika watoto 6 ndiye huyo huyo waliyemwona anatabasamu kuliko watu wote. Kama kutabasamu ni kuwasaliti wafu, basi ni nani aliyewasaliti? Haiwezekani. Kwa hiyo kosa liko katika mawazo yetu, tunapodhani kwamba upendo kwa aliyekufa unapimwa kwa wingi wa siku tulizokataa kucheka.

Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe. Mwezi wa Juni mwaka 2000 nilikuwa kijana, na nilikuwa mjini. Wakubwa wenzangu wanajua nasema nini. Tangu tarehe 5 hadi 10, siku 6, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katika Kisangani, mji usiokuwa wa hawa wala wa wale, na mabomu yakaanguka kwenye nyumba za watu kwa maelfu. Maji na umeme vilikatika. Tulilala chini ya vitanda. Maiti wengine walizikwa uani, kwa sababu makaburini hapakufikika. (Mahakama ya Den Haag iliihukumu Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Mwenye kuweza kuzitafsiri fedha hizo kwa mtu aliyezikwa uani, na anitafsirie.)

Milio ilipokoma, nilitoka nje nikatembea bila kujua ninakokwenda. Kando ya ukuta ulioanguka nikamkuta mama mtu mzima amewasha makala, amechemsha chai ya tangawizi. Sijui maji aliyapata wapi. Alikuwa anawapa watu bila kuuliza fedha. Nilipokea kikombe. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, sijanywa kitu kitamu kama chai ile tangu siku hiyo. Mmoja wetu akasema neno la mzaha, tukacheka, sisi watu tulionuka vumbi na hofu. Kisha nikaona haya. Niliibeba haya hiyo miaka mingi. Leo, katika miaka yangu ya hamsini, naona kwamba niliona haya mbele ya neema. Yule mama hakuwa amewasahau wafu. Baadaye niliambiwa kwamba mmoja wa waliokufa alikuwa wa nyumbani kwake.

Na hao walio katika shida leo, ambao ndugu yetu aliwawaza? Ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulipoanza upande wa Lubunga, mwezi wa Februari 2023, watu wengi walivuka mto wakaja kulala kwenye kambi za upande huu. Baadhi yetu tulikwenda kuwaona. Tulikwenda na nyuso za matanga. Tukawakuta wanawake wamekaa wanasukana nywele na kuchekana, na watoto wametengeneza mpira wa matambara. Nilisimama pale na huzuni yangu kama mtu aliyeleta mzigo usiotakiwa. Hawakutuomba huzuni yetu. Walituomba chumvi na sabuni.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize vizuri, ndugu msomaji, kwa sababu kutoka hapa mtu anaweza kuteleza upande wa pili, akasema, "Imamu ameruhusu, basi nifurahi, mengine hayanihusu." Wakati mmoja Mtume (s.a.w.) alitoka nyumbani kwa sababu ya njaa, akakutana na Abu Bakr na Umar, nao njaa imewatoa. Wakaenda kwa mtu mmoja wa Ansari. Aliwapa tende, maji baridi, na akachinja. Waliposhiba, Mtume aliwaambia kwamba wataulizwa Siku ya Kiyama juu ya neema hiyo. Walikuwa watu wenye njaa, na mlo ulikuwa mmoja tu, lakini swali liko pale pale. Basi ile lituma na mvua ile vina swali lake. Na nadhani swali lenyewe haliko mbali: ulimjua aliyekupa? Na chungu kilipokuwa na chakula, jirani alipata moshi tu?

Sisi wa Masako tuna swali letu pia. Tunaishi katika kona ya mto Tshopo, karibu na msitu uliotengwa tangu mwaka 1953, hekta 2105, ambao wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani huja kuusoma jani kwa jani. Wengi wetu tunasema kwamba tunaamka na furaha kwa ndege wa alfajiri na baridi inayotoka msituni. Kisha mchana tunapakia makala ya msitu huo huo kwenye baiskeli, magunia yanampita mtu urefu, tunasukuma kilomita kama 14 hadi mjini. Simlaumu mwenye njaa. Mimi mwenyewe napikiwa kwa makala. Nasema tu kwamba furaha ile ya alfajiri ni ya wajukuu zetu pia, na anayeiuza kwa gunia ajue ameuza na fungu la mtu ambaye hajazaliwa, na huyo hawezi kuja kumdai hapa duniani.

Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwa yule ndugu baada ya alasiri. Nilimsomea haya niliyoyaandika, kwa kuwa yanamhusu, naye aliniruhusu niyatoe bila kumtaja jina. Tulipofika kwenye habari ya watoto 6 alinyamaza muda mrefu. Sikumsemesha. Kisha akasema, "Mwalimu, yule mtoto alipenda sana mvua. Ikinyesha alikuwa anatoka nje uchi, mama yake anamkimbiza." Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, vyote kwa pamoja, naye hakukata kimojawapo. Mke wake alitusikia kutoka jikoni. Akauliza kama Mwalimu atakula. Nilikuwa nimekwisha kula nyumbani, lakini nikasema ndiyo.