Walipoondoka Jukwaani

Shemeji yangu ana methali anayofungia kila mjadala wa muziki: asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alikuwepo. Julai 1986 alikuwa London, kijana anayeosha vyombo katika mkahawa, na kwa mshahara wa siku kadhaa alinunua tiketi ya kuwaona Queen katika uwanja wa Wembley. Mimi mwaka huo nilikuwa Zanzibar. Queen niliowajua walikuwa ndani ya kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo hiyo ilinakiliwa kutoka kwa mtu aliyerudi Dubai, na sauti zilifika zimefifia kama zinatoka nyumba ya jirani. Kila Sikukuu tukikutana barazani, kahawa haijapoa, ugomvi wetu huanza upya. Muziki wa roki ni upi hasa: ule unaopigwa mbele ya watu, au ule uliorekodiwa studio?

Hoja ya shemeji ni nyepesi kueleza. Jukwaani hakuna kurudia. Waya wa gitaa ukikatika umekatika, sauti ikipasuka imepasuka mbele ya maelfu, na hapo ndipo utajua nani mwanamuziki na nani amebebwa na mitambo. Studio, mtu huimba mstari mmoja mara 30, fundi akachagua ule uliotoka vizuri na kuushona na mwingine wa juzi. "Hiyo ni picha ya pasipoti," hupenda kusema. "Umenyooshwa shingo, umefutwa jasho. Nani anakutambua?"

Nami huwa na jibu langu, nalo ni The Beatles. Tarehe 15 Agosti 1965 walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba wenyewe hawakujisikia wanachopiga. Watu wote hao walikuwepo, na muziki karibu hawakuusikia. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti, walipiga San Francisco kisha wakaacha kabisa ziara za maonyesho. Walijifungia studio, na mwaka 1967 wakatoa Sgt. Pepper, santuri yenye sauti ambazo kwa vyombo vya wakati ule wasingeweza kuzitoa jukwaani. Kwao studio haikuwa mahali pa kuficha makosa. Ilikuwa ala nyingine ya muziki, kama gitaa au ngoma.

Kwa miaka mingi tulibishana hivyo, kila mmoja na jibu lake, tukimalizia kwa kucheka. Kilichonifanya niufikirie upya ugomvi huu ni jambo moja ambalo shemeji alilisimulia siku moja bila kujua kuwa ananisaidia mimi, wala kwamba anajisaidia yeye.

Lilihusu Bohemian Rhapsody, ule wimbo wa mwaka 1975 ambao hapa kwetu hata asiyejua roki ameusikia, kwa sababu aliyeutunga alizaliwa Mjini Mkongwe mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara kabla ya kuwa Freddie Mercury. Wageni huja Shangani kumtafuta, na tangu 2019 pana jumba la makumbusho yake. Wimbo wenyewe unakaribia dakika sita. Unaanza taratibu na piano, baadaye unafikia magitaa ya kishindo kabla ya kutulia tena mwishoni, na katikati kuna kipande cha mtindo wa opera ambacho ndicho kiini cha ubishi wote. Kwaya ile kubwa ni sauti za watu watatu tu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, walioimba na kurudia, sauti juu ya sauti, siku baada ya siku, kwenye kanda yenye njia 24. Na hawa ndio watu ambao kwenye majalada ya santuri zao za miaka ile walikuwa wakiandika kwa fahari kwamba hawakutumia sinthesaiza. Walitaka ijulikane kuwa kila mlio umetoka kwenye mikono na makoo yao. Lakini makoo matatu yanayosikika kama kwaya nzima hayawezi kupandishwa jukwaani.

"Sasa Wembley walifanyaje?" nilimwuliza.

"Waliondoka."

"Waliondoka wapi, shemeji?"

"Jukwaani. Kipande kile kilipofika, wakatoka wote. Pakabaki taa tu na moshi. Kanda ikapigwa. Sisi tukaimba."

Hivyo ndivyo Queen walivyofanya miaka mingi katika maonyesho yao. Freddie aliimba mwanzo mbele ya piano, kisha bendi nzima ikaondoka, taa zikacheza juu ya jukwaa tupu huku kanda ya studio ikipiga ile opera, na magitaa yalipofika wakarudi kwa kishindo. Nimeiona baadaye katika filamu za maonyesho yao. Ni jambo la ajabu ukilitazama kwa makini: bendi inayosifiwa kuliko nyingi kwa kupiga mbele ya watu, katika wimbo wake mkubwa kuliko zote, inaacha jukwaa likiwa tupu.

Nilimwambia shemeji kwamba hapo nimemshika. Sehemu ile aliyoilipia kwa kuosha vyombo ilikuwa kanda, kama yangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Lakini walituonyesha kwamba ni kanda," akasema.

Maneno hayo nilikaa nayo kwa muda, kwa sababu yalinikumbusha kinyume chake. Niliwahi kwenda tamasha kubwa la msanii mmoja wa hapa nyumbani, ambaye simtaji. Katikati ya wimbo, akiruka, maikrofoni ilimponyoka ikaanguka, na sauti yake ikaendelea kuimba. Uwanja mzima ulizomea. Sote tunaijua pleibeki, tunaijua kwenye harusi na kwenye kampeni, na mara nyingi hatujali. Tulichozomea siku ile haikuwa kanda. Tulizomea midomo iliyokuwa ikichezeshwa juu ya kanda. Queen nao walipiga kanda, na watu zaidi ya 70,000 wakaimba nayo. Tofauti ni kwamba wao hawakusimama pale kuchezesha midomo.

Basi nikaanza kuona kwamba mimi na shemeji tulikuwa tukibishania mahali, na jambo lenyewe halikuwa mahali. Studio haisemi uongo kwa kuchagua mrudio wa 30, kama vile mwandishi hasemi uongo kwa kufuta sentensi. Hakuna aliyetuahidi kwamba wimbo uliimbwa kwa pumzi moja. Jukwaa nalo halina ukweli wake lenyewe, maana lilibeba ile maikrofoni iliyoanguka. Uongo unaanza pale msikilizaji anapoambiwa kuwa anasikia kitu fulani, kumbe anasikia kingine.

Na katika roki uongo huo una makao yake maalumu: santuri zinazoitwa za onyesho. Mwaka 1975 bendi ya Kiss ilitoa Alive!, iliyowapa jina kubwa, na baadaye ikakubalika kwamba sehemu zake zilitengenezwa upya studio. Mwaka 1978 Thin Lizzy walitoa Live and Dangerous, ambayo mashabiki wengi huihesabu miongoni mwa rekodi bora za jukwaani. Mtayarishaji wake, Tony Visconti, alisema sehemu kubwa ilirudiwa studio. Wanabendi wakamkatalia. Wabishi wanabishana hadi leo, na kuna wanaosema haijalishi, maadamu rekodi ni tamu.

Mimi nasema inajalisha, na sababu yangu ni huyo asiyekuwepo. Aliyekuwa ukumbini usiku ule anajua alichosikia. Akinunua santuri na kukuta gitaa limenyooka kuliko anavyokumbuka, atacheka na kusema wamelipiga pasi. Lakini mtu aliye Tanga au Bukoba, aliyepata nakala ya nakala, hana cha kulinganisha. Ana lile neno la kwenye jalada tu. Anapoamini kwamba binadamu wanne walipiga vile usiku mmoja bila kukosea, anajifunza jambo kuhusu binadamu, na huenda akaliacha gitaa lake mwenyewe kwa kuona hatafika. Ukimdanganya yule aliyekuja, atakuzomea. Ukimdanganya asiyekuja, hatajua, na kwa hiyo yeye ndiye anayedai uaminifu zaidi. Rekodi ni amana iliyowekwa kwa watu wasiokuwepo.

Ndiyo maana ile methali ya shemeji huwa inaniuma kidogo, ingawa naipenda. Asiyekuwepo na lake halipo: katika mgao wa nyama sawa, katika kikao cha ukoo sawa. Katika muziki maana yake ni kwamba wimbo ni mali ya mwenye nauli, mwenye viza na mwenye tiketi. Sisi wa pwani hii tungeikubali, tungepoteza mengi. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri hizo zikafika kwa watu ambao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja, wala wasingeweza. Kuna waliomsikia na kumpenda bila kumwona hata siku moja. Kuwaambia hawakumsikia Siti ni kuwadhulumu. Hata Wembley ya mwaka 1985, lile onyesho la Queen katika Live Aid la dakika kama 20 ambalo mashabiki wa jukwaani hulitoa kama ushahidi wao mkubwa, wengi wao wamelijua kwa njia ipi? Kwa kurekodiwa. Wanatusifia kuwepo, na wao wenyewe hawakuwepo. Tena pale Freddie aliimba ule mwanzo wa Bohemian Rhapsody, na ilipokaribia opera wakaingia wimbo mwingine. Hawakuipiga kabisa.

Sitaki kumnyima shemeji haki yake. Kuna kitu alikipata ambacho kanda yangu haikuwa nacho, nacho si ubora wa sauti, kwa sababu anakiri alikuwa nyuma sana na mbele yake palikuwa na jitu la mabega mapana. Alikuwa mgeni katika mji ambao hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina lake, na kwa saa mbili aliimba pamoja na watu wasiomwuliza katoka wapi, wakimwimbisha ni mtu aliyezaliwa mitaa miwili kutoka nyumbani kwao. Hilo huwezi kulinakili. Nilichokuwa nakosea mimi ni kudhani kwamba nikilikubali hilo nimeshindwa.

Mwezi uliofuata, tarehe 9 Agosti 1986, Queen walipiga Knebworth, na hilo likawa onyesho lao la mwisho na Freddie. Maradhi yalikuja, na kilichobaki kwake kilikuwa studio. Mwezi Mei 1991, huko Montreux, Uswisi, alirekodi sauti ya wimbo uitwao Mother Love. Brian May amesimulia kwamba Freddie alichoka kabla ya ubeti wa mwisho, akasema atarudi kuumaliza siku nyingine. Hakurudi. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 45. Wimbo ulitoka mwaka 1995, na ubeti wa mwisho umeimbwa na May, kwa sauti yake mwenyewe. Hakujaribu kufanana na rafiki yake. Kama walivyofanya jukwaani, pale ambapo hawakuweza wenyewe, waliacha ionekane.

Idi iliyopita nilimsikilizisha shemeji wimbo huo kwa spika ndogo ya mwanangu. Sasa masikio yake yamepungua, akaisogeza karibu kama mtu anayesikiliza habari ya vifo redioni. Ubeti wa mwisho ulipoanza akainua kidole.

"Huyu si yeye."

"Si yeye, shemeji. Yeye alikuwa ameshachoka."

Akatikisa kichwa, asiseme neno. Nilingoja aseme tena kwamba studio ni picha ya pasipoti, hakusema. Halafu, kuelekea mwisho, ikaingia sauti ya Freddie akiuimbisha umati, na umati ukimjibu. Kipande hicho walikichukua kwenye rekodi za Wembley, Julai 1986, wakakitia katika wimbo wa studio wa mtu aliyekuwa ameshafariki.

Nilimweleza. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza tena, jicho moja amelifumba, kama anatafuta mtu katika picha ya darasa.

"Mimi nimo humo," akasema.

Sikumbishia. Nilimmiminia kahawa, akaomba nirudishe mara ya tatu.