Wazee wa China Waliuogopa Mzizi Huu

Mapema mwaka 2017, mjini San Francisco, mwanamke wa miaka hamsini na kitu na mwanamume wa miaka thelathini na kitu walinunua chai ya dawa, kila mmoja kwa wakati wake, katika duka moja la miti shamba la mtaa wa Wachina. Haikupita saa moja baada ya kunywa, kila mmoja akalegea mwili, moyo ukaanza kupiga ovyo, akakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mwanamume alipona. Mwanamke alifariki. Maabara ilipopima, ikakuta sumu ya akoniti.

Akoniti ni mmea wa maua ya buluu yaliyojikunja kama kofia. Mizizi yake midogo ya pembeni, fuzi kwa Kichina, hutumika kwa maumivu ya viungo, kwa mwili wenye ubaridi na hata kwa moyo uliochoka. Kila pigo la moyo huanza kwa sodiamu kuingia katika seli kupitia vijilango vinavyofunguka na kufungwa kufumba na kufumbua. Sumu hii huvizuia visifungwe. Midomo na ulimi hufa ganzi, kichefuchefu hufuata, kisha moyo huvurugika. Dawa mahususi ya kuitangua haipo. Madaktari huubeba moyo kwa dawa na mashine mpaka sumu itoke mwilini.

Wapo wanaosema kwamba cha asili hakidhuru. Waganga wa kale wa China hawakusema hivyo hata siku moja. Kitabu chao kikongwe cha dawa, kinachohusishwa na jina la Shennong, kinaiweka fuzi katika daraja la chini, miongoni mwa dawa zenye sumu zisizofaa kunywewa kwa muda mrefu. Waliuroweka mzizi na kuuchemsha, kwa sababu moto wa muda mrefu huivunja sumu. Wakaandika pia orodha ya dawa zisizochanganywa nao. Mwongozo rasmi wa dawa wa China wa leo unataja gramu 3 hadi 15 za fuzi, itangulizwe jikoni kabla ya dawa nyingine na ichemke sana. Woga huo wote ndio uganga wenyewe. Aliyeupoteza ni mnunuzi wa siku hizi, anayechemsha nusu saa na kuongeza konzi moja ili apone haraka.

Wala sisemi mti hauna dawa. Ndugu mmoja wa akoniti hutoa lapakonitini, ambayo Urusi huitumia kutuliza mapigo yaliyovurugika: yenyewe huviziba vijilango vilevile, nayo hupimwa kwa miligramu. Hospitali nazo zina kisa chao. Mwaka 1989, utafiti mkubwa wa Marekani uligundua kwamba flekainidi na enkainidi, vidonge walivyopewa watu waliopata shambulio la moyo ili kutuliza mapigo, viliua wengi kuliko vidonge visivyo na dawa. Tofauti ni kwamba huko kulikuwa na watu wa kuhesabu waliokufa.

Kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, hatari hupitia pia kwenye dawa za upole. Ipo dawa ya kale ya kuchemsha, zhigancao tang, iliyotungwa kwa ajili ya mapigo yanayokatikakatika, na kiungo kilichoipa jina ni mzizi mtamu wa gancao. Mzizi huo ukinywewa kwa wingi hushusha potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka moyo huyumba zaidi, hasa kwa anayemeza digoksini, dawa ya moyo. Danshen, mzizi mwingine wa dawa za Kichina, nayo huipandisha nguvu warfarini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa aina hii hunywa ili damu isigande na kuleta kiharusi. Hong Kong, katika miaka ya 1990, madaktari waliandika habari za wagonjwa waliokuwa wametulia kwa warfarini kwa muda, wakaongeza danshen, wakaanza kuvuja damu.

Daktari akiuliza mgonjwa anatumia dawa gani, hutajiwa vidonge tu. Supu ya mizizi na chai ya jioni hazihesabiwi nyumbani kuwa dawa. Basi na pakiti ya danshen iende kliniki pamoja na kadi ya warfarini, iwekwe mezani kabla damu haijapimwa, na anayekunywa aseme ni vikombe vingapi na tangu lini.