Frateri, Dhambi ni ya Nani?



Kijana mmoja wa parokia yetu ni opereta wa mashine ya CNC kwenye karakana ya vyuma. Anakereza shafti. Juzi baada ya jumuiya aliniuliza: "Frateri, mashine ndiyo inakata, mimi naweka chuma na kubonyeza kitufe tu. Shafti ikizidi kipimo na bosi akasema pitisha, dhambi ni ya nani?"

Nikamwomba kwanza anieleze kazi yenyewe. Programu inaagiza shafti iwe na kipenyo cha milimita 50.00, na skrini inaonyesha 50.00. Lakini kisu kinachokata kinalika kidogo kidogo, na kadiri kinavyolika ndivyo shafti inavyobaki nene: 50.01, 50.02, 50.04. Skrini bado inasema 50.00. Haidanganyi, ila inaonyesha mahali kisu kilipoagizwa kufika. Kilichotokea kwenye chuma haikijui. Anayejua ni aliyeshika maikromita. Tena asipime chuma kikiwa cha moto, maana joto hukitanua. (Vipimo vya ufundi huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Karakana za Dar saa nane mchana, tuziache tu.)

Sasa, Mt. Yohane Paulo II, ambaye wakati wa vita alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe na kisha kiwandani huko Kraków, alitoa waraka Laborem Exercens mwaka 1981. Anafundisha humo kwamba mashine, hata iwe ya kisasa namna gani, ni chombo. Mwenye kazi ni mtu. Na Aristotle, zamani sana, alitofautisha kutengeneza na kutenda. Unachotengeneza kinaondoka, kinakwenda zake. Ulichotenda kinabaki na wewe.

Ile shafti itafungwa kwenye mashine ya kusaga ya mama fulani. Beringi itabanwa mno, itachemka, itakufa mapema, na mama atafunga kazi siku nzima. Hilo ni la kwanza. La pili, aliyeandika 50.02 kwenye kadi huku maikromita ikisoma 50.04 amejizoeza kuandika uongo, na mazoea hayo atarudi nayo nyumbani kwa mke na watoto. Bosi ana dhambi yake, na ni kubwa. Lakini mkono ulioandika si wa bosi, wala si wa mashine. Nikamwambia: andika kipimo cha kweli. Akitaka ipite, asaini yeye.

Jamani, na sisi wengine je? Jioni tunajikagua kwa skrini: nilisali, nilikwenda Misa, niliweka neno la Mungu kwenye status. Sawa, ndivyo tulivyoagizwa. Lakini maikromita inasoma ngapi? Muulize dada wa kazi hapo nyumbani. Muulize mdogo wako uliyekopa hela yake. Na usijipime ukiwa bado wa moto. Mtu mwenye hasira hujikuta daima yuko sawa kabisa.

Yule kijana ameniambia ataandika 50.04. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na huu unaisha mwisho wa mwezi. Tumwombee kwa maombezi ya Mt. Yosefu Mfanyakazi.