Mtango wa Yona



Kando ya njia zetu huota mmea mdogo wenye miiba, uitwao kifauwongo. Hakuna mtoto asiyeujua. Ukiugusa, majani yake hujifunga na kulegea kama yaliyokufa. Ukiuacha dakika chache, hufunguka tena. Tangu tulipotoka chuo cha ualimu hata siku tuliyostaafu, kila mwaka tuliuingiza mmea huu darasani ndani ya kopo, na kila mwaka palitokea mtoto aliyeuliza: "Mwalimu, je, unaumia?"

Hilo si swali la kitoto. Wenye elimu kubwa wamelishughulikia. Mwaka 1901 Jagadish Chandra Bose, mwana wa Bengal, aliwaonyesha wataalamu wa London kwamba mmea ukishtuliwa hupitisha umeme kidogo ndani yake, mfano wa ule upitao katika mwili wa mnyama. Mwaka 1966 Mmarekani Cleve Backster alifunga mashine ya kupimia uongo kwenye jani la mmea wa chumbani, akadai kwamba ulitambua hata wazo lake la kuuchoma. Habari hiyo ilivuma sana, lakini wengine walipolirudia jaribio lake kwa uangalifu hawakuona kitu. Tena mwaka 2014 zilichapishwa habari za mimea ya kifauwongo iliyoangushwa kidogo mara nyingi pasipo kudhurika. Mwishowe ikaacha kufunga majani, na baada ya wiki nne ilikuwa bado haijasahau.

Basi tujibu nini? Jani la kifauwongo hulala kwa sababu maji hutoka upesi katika seli za kiungo chake. Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, na wataalamu wengi husema kwamba kupokea habari si sawa na kusikia maumivu. Saa ya kengele hutuamsha alfajiri, lakini yenyewe haikulala wala haikuamka. Hata hivyo sisi hatuwezi kuingia ndani ya mti. Aliyeufanya ndiye aujuaye.

Lakini tuangalie neno moja. Katika Kumbukumbu la Torati 20:19, jeshi linalouzingira mji lakatazwa kuikata miti yake ya matunda. Torati haikungoja kwanza kujua kama mti huumia. Kiumbe cha Mungu hustahili heshima kwa kuwa ni chake, si kwa kuwa kinalia kama sisi.

Nasi tunalo la kuungama. Zamani, tulipokuwa tukisimamia bustani ya shule moja, tulipanda miche kumi na miwili ya michungwa, tukainywesha kiangazi chote kwa maji ya kisimani. Asubuhi moja tukakuta mmoja umevunjika. Mvulana wa darasa la tatu alikiri kwamba aliuangukia alipokuwa akikimbia kuwahi mstarini. Hatukumwuliza kwa nini alichelewa. Tulimchapa mbele ya wenzake, kwa uchungu wa mche wetu. Jioni ndipo tulipoambiwa kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, na kila alfajiri ndiye aliyempeleka mdogo wake kwa bibi yao kabla ya kuja shuleni.

Mche ule tuliufunga kitambaa, ukapona, ukazaa. Mtoto hatukumfunga jeraha lake. Tuliona haya kumwomba radhi, tukisema moyoni, mwalimu hamwangukii mwanafunzi. Kabla ya mwaka kwisha jamaa yake walihama, wala hatukumwona tena.

Tangu hapo hatuwezi kusoma sura ya nne ya Yona tukatulia. Yona aliuhurumia mtango uliomtia kivuli, ulioota na kunyauka kwa muda mfupi, lakini Ninawi, mji wa watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, alitaka uangamie. Mungu hakumkemea kwa kuuhurumia mtango. Alimwuliza kwa nini huruma yake iliishia hapo, penye kivuli chake mwenyewe.

Ndugu, tusidharau swali la mtoto juu ya kifauwongo. Asiyevunja tawi ovyo anajizoeza upole. Lakini kama twasita kuukanyaga mmea ambao hatuna hakika kwamba huumia, itakuwaje kwa mtoto, mtumishi wa nyumbani au mkwe ambaye twajua kwa hakika kwamba anaumia? Kwao hatuhitaji mashine wala mtaalamu. Machozi yao twayaona.

Basi juma hili tuinyweshe miche, na kabla jua halijachwa tumwendee yule tuliyemwumiza, hata akiwa mdogo kwetu, tumwombe radhi. Tusingoje ahame.

Ee Bwana, uliyeumba majani ya kondeni na moyo wa mwanadamu, utupe huruma isiyoishia penye kivuli chetu. Amina.