Hekalu Ndani ya Kiganja: Je, Ni Halali Kukusanya Sarafu za Kale?

Miongoni mwa wapendao kukusanya vitu vya kale, wapo wasioijali sarafu yo yote ya Kirumi isipokuwa ile yenye picha ya hekalu. Hao hawatafuti uso wa Kaisari. Huigeuza sarafu upande wa pili wakatazama ngazi, nguzo, paa la pembe tatu, na katikati sanamu ya mungu. Kwa haraka twaweza kudhani kwamba huu ni mchezo wa wenye nafasi tu. Walakini ndani yake mna swali ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulikwepa: je, alama inayopunguza ukweli ili ieleweke yasema kweli au yasema uongo? Na swali hilo lazaa jingine: ni nani mwenye haki ya kuishika alama hiyo na kuiita yake?

Katika Roma, kiwanda cha sarafu kilikuwa karibu na hekalu la Juno Moneta juu ya kilima cha Capitol. Kutokana na jina hilo Moneta, Wafaransa walipata neno lao monnaie, na Waingereza money. Basi fedha na hekalu ni majirani wa siku nyingi.

Mchongaji wa muhuri alikuwa na nafasi ndogo mno. Dinari ya fedha ilikuwa na kipenyo cha milimita 18 hivi, na juu ya kiduara hicho alitakiwa kuweka jengo ambalo nguzo zake zilimzidi mtu mara nyingi. Hekalu la Artemi mjini Efeso lilikuwa na nguzo 8 upande wa mbele, lakini sarafu za fedha zilizotolewa wakati wa Claudius zaonyesha 4 tu. Hekalu la Jupiter pale Capitol lilikuwa na nguzo 6. Sarafu za Domitian zalionyesha nalo kwa 4. Mchongaji aliziondoa nguzo za kati kusudi mungu aliyekaa gizani ndani ya nyumba yake apate kuonekana na kila ashikaye sarafu. Sisi hatuuiti huo uongo. Mwalimu achoraye mti ubaoni kwa mistari mitano hajawadanganya watoto, maana hakuna mtoto atakayekwenda msituni kutafuta mti wa mistari mitano.

Uongo huanza mahali pengine. Nero alitoa sarafu zenye picha ya hekalu la Janus, milango yake imefungwa, na maneno yaliyotangaza kwamba watu wa Roma wamepata amani barani na baharini. Milango ile ilifungwa wakati wa amani na kufunguliwa wakati wa vita. Picha ni safi kabisa. Na kwa kuwa hekalu lenyewe limetoweka, ni sarafu hizo hasa zitufunzazo jinsi lilivyokuwa. Lakini mwaka 66 B.K., katika utawala wa Nero huyo huyo, Uyahudi uliwaka moto wa vita ambavyo mwisho wake ulikuwa kuteketezwa kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Mchongaji aliuchora mlango sawasawa. Aliyemtuma ndiye aliyedanganya.

Sasa tutazame kinyume chake. Wayahudi walipoasi tena chini ya Bar Kokhba, miaka ya 132 hadi 135, walizichukua sarafu za Kirumi wakazigonga upya kwa muhuri wao. Juu ya zile kubwa za fedha waliweka jengo la nguzo nne, ambalo wataalamu wengi hulitambua kuwa ni Hekalu la Yerusalemu. Lilikwisha kuwa majivu miaka sitini na zaidi. Je, walidanganya? Mwanafunzi mmoja alitujibu kwamba walidanganya, kwa kuwa kitu hakikuwapo. Twamheshimu kwa ukali wake, lakini hatukubaliani naye. Kila aliyeishika sarafu ile alijua kwamba hekalu halipo. Picha ilitaja kitu kinachotamaniwa, kama vile sarufi yetu ilivyo na namna ya kutaka kando ya namna ya kuarifu.

Tukirudi kwa wakusanyaji, yafaa kwanza tuwatendee haki. Petrarch, yule mshairi wa Italia, alizikusanya sarafu za Kirumi, na mwaka 1354 akampa baadhi yake mfalme Charles wa Nne ili awaige watawala wema wa kale. Mwaka 1859 msanifu majengo Mwingereza, Donaldson, alitoa kitabu kizima juu ya majengo yaliyochorwa katika sarafu za kale. Tena sarafu si kama sanamu iliyo moja tu duniani. Ziligongwa kwa maelfu, na si kila moja yaweza kudaiwa na makumbusho.

Lakini iko hasara isiyoonekana kabatini. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, katika karne ya 14, alitoa sarafu za shaba ambazo maandishi ya pande zake mbili yana vina (jambo litakalowafurahisha walimu wa ushairi). Moja iliokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe. Bei ya shaba ile ni ndogo. Kilichoipa heshima ni mahali ilipoonekana, kwa kuwa yashuhudia uhusiano wa pwani yetu na nchi ya dhahabu. Lau mtu angaliichimba usiku akaiuza bila kutaja mahali, leo ingalikuwa sarafu ya Kilwa kama nyingine zote.

Basi mchimbaji wa magendo naye huondoa nguzo. Mchongaji aliziondoa mbili au nne ili mungu aonekane. Huyu huondoa udongo, kaburi, chungu na jirani zake wote, na hakuna aonekanaye zaidi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulitungwa kuzuia biashara ya namna hiyo, lakini sheria haifiki katika kila soko. Kwa hiyo twaona kwamba mzigo mwingine ni wa mnunuzi. Akiuliza sarafu imetoka wapi na kujibiwa kwamba ilikuwa ya babu ya mtu fulani, kisha akanyamaza kwa kuwa bei ni nzuri, amekuwa mshirika.

Na yule ambaye tayari anayo, aliyoirithi bila maelezo? Hawezi kuirudisha ardhini. Na aiandikie karatasi ndogo: aliipata kwa nani, mwaka gani, kwa bei gani, ilisemwa imetoka wapi, na pale asipojua, aandike kwamba hajui.