Waliokwenda Kujenga Ukuta wa Wengine



Sura ya 3 ya kitabu cha Nehemia wengi wetu huiona kuwa orodha ya majina tu, na msomaji ikimwangukia zamu huomba kimoyomoyo apewe nyingine. Tukiisoma polepole tunakuta jambo. Waliojenga ukuta wa Yerusalemu hawakuwa wenyeji peke yao. Watu wa Yeriko walikuja. Watu wa Tekoa walikuja, wakajenga sehemu yao, kisha wakajenga na ya pili. Wafua dhahabu na watengeneza manukato walishika kazi, na Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa ndio waliokataa kuinamisha shingo zao.

Neno hili latuhusu. Vijana wetu wamealikwa na ndugu wa ng'ambo ya mpaka wakasaidie kujenga kanisa, nasi twaulizana: je, waende, au nauli yao ikanunue saruji? Ni swali la haki. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14, alifundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama.

Na tutazame mfano mmoja. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliuteketeza mji wa Coventry, Uingereza, pamoja na kanisa kuu lake. Mwezi Februari 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliuteketeza mji wa Dresden, Ujerumani, watu maelfu wakafa. Vita vikaisha, lakini mioyo ikabaki magofu. Ndipo mwaka 1961 vijana Wakristo wa Kijerumani wakaenda Coventry kufanya kazi katika magofu ya kanisa lile. Mwaka 1965 vijana wa Kiingereza nao wakaenda Dresden, kusaidia kujenga tena hospitali ya Kikristo iliyobomolewa na mabomu.

Je, Dresden walikosa waashi? La. Matofali hununuliwa, na fedha hutumwa. Lakini upatanisho haupelekwi kwa posta. Wataka mtu aje mwenyewe, ashike beleshi, na kula meza moja na yule ambaye wazazi wao walikuwa adui.

Sisi tuliowahi kufanya msaragambo ugenini twaijua siku ile. Alfajiri ni sala, kisha fundi mwenyeji agawa kazi. Pale hakuna mwalimu wala karani. Wote ni vibarua wake. Hawa wateka maji, hawa wachanganya saruji na mchanga, hawa wapokezana matofali. Saa sita mikono imechubuka, na akina mama wameleta ugali na maharage kutoka akiba yao ndogo. Jioni ukuta umepanda mistari mitatu. Mafundi wangeweza kuupandisha bila sisi. Lakini twaondoka tukijuana kwa majina, na Jumapili hatuliombei tena "Kanisa la nchi jirani", bali twawaombea watu.

Basi shauri letu ni hili. Saruji itangulie, na vijana wachache wafuate. Chakula chao kitoke kwetu, wasiwe mzigo kwa wajane wa kule. Wamtii fundi, wala wasimnyang'anye kibarua ujira wake. Nauli ikizidi bei ya saruji, tuzipime tena nia zetu: isije ikawa twapeleka vijana kutembea, na kuita matembezi utume.

Tena kuna jambo gumu zaidi. Coventry walipokea kwanza, ndipo wakaenda. Paa la nyumba yetu ya katekista lavuja. Je, tuko tayari kuwaalika ndugu wale waje kutusaidia, waone umaskini wetu, nasi tuwapikie tulicho nacho? Asiyekubali kupokea bado ana shingo ya wakuu wa Tekoa, hata akitoa mifuko mia.

Mtume Petro atuita mawe yaliyo hai. Jiwe halichagui litakaa karibu na lipi. Mwashi ndiye ajuaye. Atuweke anapotaka, upande huu wa mpaka au ule, mpaka nyumba yake ikamilike. Amina.