Mimba ya Mdomoni

Katika lugha yetu mwenye mimba huitwa mjamzito, yaani kiumbe aliyelemewa, na sote twajua mzigo wenyewe uliko. Ama katika Ziwa Tanganyika, kwenye miamba ya ufukwe wa Kigoma, wako viumbe ambao mzigo huo hawauchukui tumboni bali mdomoni. Ni samaki wa jamii ya perege, wengi wao wadogo, wenye rangi na mistari. Ziwa hilo lina aina zao zipatazo 250, na takriban zote hazipatikani penginepo duniani. Katika aina nyingi miongoni mwao, jike hutaga, akayaokota mayai yake kwa mdomo, kisha akafumba. Wale ambao wataalamu huwaita Tropheus hubeba mayai machache tu, makubwa kwa kuyalinganisha na mwili wa mama, na huyabeba kwa muda wa kiasi cha wiki 4.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walisema wazee. Kwa samaki huyu methali haina pa kushika, kwani mimba na malezi vimekuwa jambo moja, tena katika kiungo kile kile cha kulia. Aina nyingi hufunga kabisa wakati huo. Tropheus wana ajabu zaidi: mwaka 1990 wataalamu wawili wa Kijapani, Yanagisawa na Sato, walieleza kwamba mama huyo huendelea kudonoa mwani mawemi, lakini chakula kile hasa ni cha vifaranga walio kinywani. Sijui kama yuko mshairi wetu aliyewahi kuisifu subira kwa picha kali kuliko hiyo.

Samaki hawa huvuliwa wakiwa hai na kusafirishwa ng'ambo, wakafugwa katika hodhi za kioo, sebuleni mwa watu. Na huko ndiko swali linakozukia. Mfugaji anamwona jike koo limemtuna, chakula hataki, amejibanza pembeni huku wenziwe wakimsukasuka. Afanyeje? Wako wanaomwacha. Wako wanaomhamishia katika hodhi ya pekee. Na wako wanaomkamata, wakamfumbua mdomo kwa kijiti na kumtapisha vifaranga, wakawalee wenyewe.

Hoja ya hawa wa mwisho si ya kipuuzi. Wanasema vifaranga wengi zaidi watapona, mama atakula mapema na kupata nguvu, na kila samaki anayezaliwa hodhini huenda akamnusuru mmoja ziwani asivuliwe. Hesabu hiyo naikubali. Nisichokikubali ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba njaa ya mama yule ni dosari inayohitaji kusahihishwa. Ile ni kazi anayoifanya. Tena adha inayomfanya adhoofike kupita kiasi aghalabu si saumu yenyewe, ni hodhi: imekosa pango la kujisitiri, na maji yake hayana pa kukimbilia. Aliyemwondolea miamba ndiye mwenye deni la kumrudishia miamba, kabla hajadai haki ya kumfumbua kinywa. Pale tu jike anapokaribia kufa ndipo mkono wa mfugaji unapokuwa na udhuru.

Kuna mushkili mwingine, ambao kwangu ni mgumu zaidi. Ziwani humo yumo samaki mwenye ndevu na madoa, wa ukoo wa mbali wa kambale, aitwaye Synodontis multipunctatus. Huyu huyapenyeza mayai yake kati ya mayai ya perege wakati wa kutaga, na mama akayaokota yote pamoja. Watoto wa mgeni huanguliwa mapema, wakawala watoto wa mwenye kinywa humo humo kinywani. Habari hii Sato aliitangaza mwaka 1986. Mama hajui, anafunga kwa ajili ya wanaomfilisi. Je, mfugaji anayejua anyamaze? Ziwani, naona, anyamaze: viumbe hawa wameishi pamoja kabla yetu, na hatukuteuliwa makadhi baina yao. Lakini hodhini aliyewakutanisha ni yeye mwenyewe, na wako wanaowakutanisha makusudi ili waone mchezo. Mtu wa namna hiyo hawezi kujitetea kwa kusema ndivyo maumbile yalivyo.

Mambo haya yasionekane ni anasa ya wenye sebule. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Dagaa na migebuka, ambao ndio riziki ya watu wa huko, hawabebi watoto kinywani. Huyaachia mayai majini yakajitegemea. Katika miezi ile 3, basi, saumu ya uzazi waliifunga wavuvi. Mwenye mtumbwi wa Ujiji au Kibirizi aliambiwa asubiri, na nyumbani kwake kuna vinywa vinavyongoja. Naiona amri ile kuwa ya haki, kwa kuwa ziwa lisilopumzishwa halilishi mtu. Ila perege yule hufunga kwa ajili ya wanawe mwenyewe, na hakuna anayemwuliza ada ya shule. Mvuvi alifungishwa kwa ajili ya watoto wa watu wote, wakiwemo wale wanaonunua dagaa wa Kigoma sokoni Dar es Salaam bila ya kulijua ziwa lenyewe, na sehemu yao katika saumu ile bado hawajaitoa.